Aliyesimama Ndiye Ataingia

Kijiwe chetu kiko Mowlem, hapa Nairobi, kati ya kinyozi na pale watu huchota maji, na usije ukaniambia kuna kijiwe kingine kizuri zaidi kwa sababu sitaki kusikia. Kina jiko la Nasike, ambaye sote humwita Mama Triza, kina birika lake la kahawa ya tangawizi, na kina benchi moja ya mbao za paleti. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, umepigiliwa kipande cha pataspata, ndala kuukuu, ili ulingane na wenzake. Benchi inatosha watu watatu na sisi tuko watatu. Mimi ni Phares, lakini nilisoma mita za maji za baraza la jiji mpaka nikastaafu, kwa hivyo jina langu la mtaa ni Mita. Nakaa mwisho, juu ya ule mguu wa pataspata, kwa sababu mimi peke yangu najua kuukalia bila kupinduka. Katikati hukaa Obonyo, dalali wa nyumba, ambaye hutembea na Katiba ya nchi mfukoni mwa koti, imeng'oka jalada, na sisi tunamwita Katiba. Mwisho ule mwingine ni Dishon, fundi wa simu. Huyo ni Kona, kwa sababu kwake hakuna jambo lisilo na kona iliyofichwa. Mtu mwingine akija, anasimama. Ndiyo sheria, na hatukuitunga jana.

Jumatatu hiyo tulimkuta Mama Triza hana maneno. Yeye kwa kawaida hutupokea na mzaha, anauliza kama tumefukuzwa nyumbani ama tumejifukuza wenyewe. Lakini asubuhi hiyo alimimina tu.

Kona: Mathee, niaje? Mbona unamwaga kahawa ni kaa unazima moto?

Mama Triza: Ni leo. Triza na wenzake hawaingii kazini.

Sote tulijua habari hiyo, maana mtaa mzima ulikuwa unaijua. Triza ni binti yake, anapakia biskuti kwa kiwanda kimoja hapo Light Industries, karibu kiasi kwamba king'ora chao ndicho saa yetu. Mwezi uliopita meneja mpya aliondoa stuli zote chumba cha kupakia. Alisema anayekaa husinzia. Tangu siku hiyo akina mama husimama kutoka king'ora mpaka king'ora, na Triza akifika nyumbani hawezi kuvua viatu mpaka mama yake amsaidie, halafu anatumbukiza miguu kwa beseni ya maji ya chumvi. Ijumaa alikalia kreti kidogo tu. Supavaiza wao, mtu anaitwa Matheka, akamwambia akirudia asijisumbue kuja tena.

Katiba: Kwa hivyo mmeamua nini?

Mama Triza: Watakaa nje ya geti. Kila mtu na kiti chake. Hakuna kelele, hakuna mawe. Wanakaa tu mpaka stuli zirudishwe.

Kona: Na Matheka?

Mama Triza: Huyo ndiye shida. Akitoka, anaangalia nani amesimama. Aliyekaa kwake amegoma, hamwiti. Ukisimama, wewe umekuja kazi. Anakuita na jina, "Wewe, ingia!" Na mtu akiitwa na jina, miguu inaenda yenyewe. Akiingia mmoja, wa pili anaogopa anafuata. Kufika saa nne Triza amebaki pale peke yake na debe lake la kukalia, na hapo kazi imeisha.

Alisema hayo akiangalia upande wa kiwanda. Akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshapanguswa.

Katiba: Mama Triza, mimi nawapenda, lakini hapo mmeruka hatua. Kifungu cha arobaini na moja! Kila mtu ana haki ya kutendewa vizuri kazini. Sasa haki haikimbiliwi hivyo na madebe. Kwanza mnaunda kamati. Kamati inaunda kamati ndogo. Kamati ndogo inaandika barua.

Kona: Barua kwa nani?

Katiba: Kwa kamati.

Mimi: Wacheni mchezo. Dawa ya kampuni ni moja tu. Mtaa mzima usinunue biskuti zao. Kuanzia Mowlem mpaka Umoja, hata mtoto asionje. Wiki haitaisha kabla hawajaja hapa kutuomba msamaha.

Kona: Hiyo ni noma. Nakubali.

Katiba: Naunga mkono. Azimio limepita.

Lilipita bila kupingwa. Lakini Katiba aliliunga mkono mdomo umejaa, kwenye mapaja ya Kona kulikuwa na pakiti iliyofunguliwa, na ile niliyokuwa nimechovya kwa kahawa mimi mwenyewe sitaki kuizungumzia.

Mama Triza: Na hizo mnakula ni za wapi?

Katiba: Hizi zilinunuliwa kabla ya azimio.

Kona: Kwanza ngojeni. Cheki hii pakiti. Hapa nje wamechora biskuti kaa chapati. Sasa angalia ndani. Hii ni biskuti ama ni kifungo ya koti?

Katiba: Kifungu cha arobaini na sita! Haki za mnunuzi!

Kona: Tena ni ngumu. Tangu lini imekuwa ngumu hivi?

Mimi: Mwezi uliopita.

Kona: Na stuli ziliondolewa lini?

Mimi: Mwezi uliopita.

Kona akainua pakiti juu, akatutazama mmoja mmoja. Mimi hiyo sura naijua. Ikija, kahawa hupoa.

Kona: Wasee. Kuna mtu amewahi kujiuliza zile stuli zilienda wapi?

Katiba: Stoo.

Kona: Stoo gani? Stuli ni mbao. Mbao ukisaga inakuwa unga. Mita, si ni wewe ulisema hizi biskuti siku hizi zina ladha ya mlango?

Nilikuwa nimesema hivyo, tena mbele ya mashahidi. Niliirudisha ile yangu kwenye sahani polepole.

Katiba: Yawa! Yaani tunakula viti?

Kona: Na hiyo ni kona ya kwanza. Kuna ya pili. Mtaa ukipotea stima, kiwanda chao huzima?

Mimi: Hakizimi.

Kona: Kwa nini?

Katiba: Wako na jenereta.

Kona: Umewahi kusikia hiyo jenereta ikinguruma? Basi. Stima inatoka chini. Ile sakafu imewekwa waya. Mtu akisimama, uzito wake unafinya waya, waya inatoa stima. Akikaa, hakuna kitu. Ndio maana hawataki mtu akae! Wale wamama ndio jenereta!

Sasa mimi ni mtu wa vipimo, siwezi kunyamaza mambo kama hayo yakisemwa mbele yangu.

Mimi: Dishon, hakuna stima bila mita. Hiyo mita yake iko wapi?

Kona: Ndio hiyo sasa! Umewahi kuiona?

Mimi: Sijaiona.

Kona: Umeona walivyoificha?

Katiba naye alikuwa ameshafungua kitabu chake, kurasa zikimtoka mkononi.

Katiba: Ikiwa ni hivyo, basi kesi imegeuka. Kifungu cha arobaini, haki ya mali. Miguu ni mali ya nani? Ya Triza. Kwa hivyo stima ni ya Triza. Yeye si mfanyakazi tena pale, yeye ni kampuni ya stima. Kiwanda ndicho kinapaswa kupanga foleni kwake!

Mimi: Na hapo mtahitaji mtu wa kusoma miguu.

Kona: Wewe ndio uko na ujuzi.

Mimi: Sijakataa. Lakini nitataka baiskeli.

Tulikuwa tumefika mbali, nakuambia. Katiba alikuwa anataka tumpeleke Triza mahakama ya juu, Kona anataka tuchimbe shimo kutokea kwa kinyozi mpaka chini ya ile sakafu, na mimi nilikuwa nimeanza kufikiria ni beji gani nitashona kwenye shati ya kazi.

Mama Triza: Na miguu yake je?

Katiba: Miguu gani?

Mama Triza: Ya Triza. Ile inauma.

Mimi: Aah, Mama Triza, hiyo nayo usiitie maanani sana. Mimi nimetembea huu mji na miguu yangu mpaka baraza la jiji likachoka na mimi. Kusimama hakujawahi kuua mtu.

Mama Triza: Unasema hivyo ukiwa umekaa.

Kona na Katiba walicheka mpaka benchi ikatikisika, na mimi nikashika ubao nisianguke. Yeye hakucheka. Alihamisha uzito kutoka mguu huu akauweka kwa ule, akaegemea meza ya vikombe, akaangalia tena kule kiwandani.

Hapo ndipo tuliposikia mkokoteni. Uliingia kona ya maji ukikwaruza, ukivutwa na msichana mmoja mwembamba amefunga leso kiunoni. Ulikuwa umebeba viti vya kila ukoo: stuli za saluni, viti vya plastiki vya kanisa, kreti za soda, jerikeni, kiti cha mtoto cha kulia uji, na sofa moja ya mtu mmoja ambayo pamba ilikuwa inachungulia nje.

Msichana: Hamjambo wazee. Mama Triza, shikamoo.

Mama Triza: Marahaba, Akech. Mko wangapi pale?

Akech: Wote wamekuja, mama. Wote! Hata wale wa shifti ya usiku wamebaki. Triza amekaa mbele kabisa karibu na geti. Lakini kuna wawili hawana kitu ya kukalia. Auntie Nafula kiti yake ilivunjika njiani, na kuna mwingine landilodi amemfungia vitu kwa nyumba. Zile ziko hapa zote ziko na wenyewe, wananingoja nyuma ya ukuta, Matheka hawaoni. Na hao wawili wamesimama, mama. Wamesimama hapo mbele ya Matheka.

Mama Triza akashika kifua.

Akech: Sasa nikaona hii benchi. Hii benchi ni ya nani, niombe?

Ndugu yangu, swali ni hilo tu. Halina Kifungu, halina kona. Tukatazamana.

Kona: Si ni ya kanjo, wale wa baraza la jiji?

Katiba: Suala la umiliki si jepesi, msichana wangu. Mimi nilipokuja hapa, nilimkuta Kona ameikalia.

Kona: Mimi nilimkuta Mita.

Wote wakanigeukia.

Mimi: Mimi niliikuta.

Akech: Uliikuta na nani?

Nikainama kuangalia ule mguu wa pataspata.

Akech: Wazee, king'ora kinalia saa hii. Naomba tu. Nitairudisha jioni.

Katiba: Tungeweza kuunda kamati ndogo...

Kona: Na pia ujiulize. Leo wamechukua benchi. Kesho?

Mama Triza aliweka birika chini. Aliliweka polepole, lakini sote tukageuka.

Mama Triza: Ni yangu.

Kona akauangalia ubao aliokuwa ameukalia.

Mama Triza: Nilienda soko la Gikomba mwenyewe, nikamsimamia seremala mpaka akamaliza. Habibo wa Eastleigh, yeye ndiye alinifunza hii kahawa, aliniambia, dada, kabla ununue vikombe nunua kitu ya kukalia, kwa sababu hii kazi ni ya miguu. Nikanunua. Nikaibeba mpaka hapa na kichwa. Siku ile ya kwanza, nikiwa bado nawasha jiko, Mita akakuja akakaa. Nikasema ni mzee, amechoka, ataamka. Halafu akaleta mwenzake.

Akajipangusa mikono kwa aproni.

Mama Triza: Mimi sijawahi kuikalia.

Niliona aibu, na sitaifunika. Niliangalia miguu yake. Nimekunywa kahawa ya huyu mama nikimwangalia mikono na uso, lakini miguu sikuwa nimeiangalia hata siku moja. Ilikuwa imevimba, inafurika juu ya viatu. Na mimi ndiye niliyemwambia kusimama hakuui.

Mama Triza: Haya, inukeni.

Tuliinuka kama wanafunzi. Kona alishika upande mmoja, mimi wangu, tukaipandisha juu ya sofa. Katiba alitangulia kutuongoza, "kulia, kulia kidogo," mpaka Akech akamwambia, baba, njoo usukume. Akasukuma. Mama Triza alifunika jiko, akabeba birika kwa mkono mmoja na vikombe kwa mwingine, akatupita.

Kabla ya geti wenye viti walivichukua kwenye mkokoteni wakaenda kukaa na wenzao. Getini tuliwakuta wamejipanga kando ya ukuta wa kiwanda, mstari mrefu wa akina mama wamekaa, mikono magotini, kimya kama wanangojea padri. Triza alikuwa mbele, juu ya debe, viatu amevua. Na Matheka alikuwa ameshatoka. Mtu mrefu, koti jeupe, kidole mbele.

— Nafula! Wewe si umesimama? Umekuja kazi. Ingia!

Huyo Nafula ni mama wa makamo. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka mstari wa geti.

— Auntie, alisema Triza. Auntie, usiniache.

— Kiti sina, mtoto wangu. Nifanye nini?

— Kiti kiko hapa! nilipiga kelele mimi, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Tuliishusha ile benchi karibu tuipasue. Nafula aliuangalia ubao, akamwangalia Matheka, akautoa mguu ndani ya geti. Akakaa. Yule mwenzake aliyefungiwa nyumba akakaa. Mama Triza akaja, akaweka birika chini, akajishikilia magoti, na akakaa katikati yao. Akatoa pumzi ndefu. Mimi nimeikalia hiyo benchi miaka na miaka na sijawahi kupumua namna hiyo.

King'ora kikalia. Kikalia mpaka kikachoka. Hakuna mtu aliyeingia.

Matheka alitembeza macho mstari mzima, mama mmoja mmoja, kreti moja moja. Kila mtu alikuwa chini, hata Akech kwenye ukingo wa mkokoteni. Kisha macho yakafika mwisho, yakasimama, na akatabasamu.

— Nyinyi watatu!

Kona akageuka nyuma kuangalia ni akina nani.

— Nyinyi wazee! Mmesimama, mnataka kazi? Si basi muingie! Kuna nafasi za kupakia, leo leo!

— Ni mtego, alinong'ona Kona. Wanataka watupeleke kwa ile sakafu.

— Bwana supavaiza, alianza Katiba, akijipapasa mfuko, Kifungu cha...

— Wazee wangu! Triza alipiga kelele. Kaeni chini!

Kona alikuwa wa kwanza. Alikaa pale pale kwa vumbi, kaa gunia. Katiba aliiangalia suruali yake ya kupelekea watu kuona nyumba, akaguna, akavua koti, akalitandika, na Katiba ya nchi ikabaki ndani ya mfuko imekaliwa naye mwenyewe. Mimi magoti yangu yana shida zao. Yalilia yote mawili njiani, lakini nilifika chini. Mstari mzima ukacheka, na Triza akacheka mpaka akajifuta macho na leso. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu hizo stuli zitolewe.

Basi getini pote akabaki mtu mmoja tu aliyesimama.

Matheka aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kidole kilikuwa bado mbele lakini hakikuwa na mtu wa kumwonyesha. Akakishusha. Akahamisha uzito kutoka mguu huu, akauweka kwa ule, na mimi nikajua mahali nimeona mtu akifanya hivyo.

— Huyu naye, aliniambia Akech kwa sauti ya chini, kiti chake kiliondolewa siku moja na stuli zetu za kupakia. Anasimama na sisi mchana kutwa.

Mama Triza alikuwa amesikia. Alimimina kahawa iliyobaki, na haikujaza kikombe. Akawasukuma wenzake na kiuno, wakabanana, nafasi ikatokea pale mwisho. Akaupigapiga ubao na kiganja.

— Matheka, kuja ukae. Hii ndiyo kahawa ya mwisho.

Matheka alisimama pale akikiangalia kile kikombe. Ile nafasi aliyowekewa ilikuwa ni yangu, juu ya mguu wa pataspata, na mtu asiyeijua itampindua. Nikamwambia kutoka pale chini kwenye vumbi:

— Kaa ukiegemea kushoto kidogo.